Lundo la Ada

Ilianza Jumatatu, saa sita na dakika ishirini mchana. Najua kwa sababu niliandika, na daftari lenyewe ninalo hapa mezani, jalada limelainika kwa jasho. Nilikuwa uani kwetu Ngokolo, nimekaa kwenye kigoda nachambua mchicha, simu ya mama ikaanza kulia ndani na haikunyamaza tena mpaka jioni. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka. Nilikuwa nimefaulu, daraja la pili, mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu, na kabla mchicha haujaiva watu watatu walikuwa wameshaniuliza nakwenda chuo gani. Mimi si mtu wa kujibu haraka. Nilitabasamu tu, nikaendelea kukata mizizi, na kila mmoja akaondoka na jibu lake mwenyewe.

Nimeyarudia haya kwa sababu ya sendofu ya Rehema, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, Jumamosi iliyopita kule Kahama, kwenye ukumbi ulio njia ya kwenda Buzwagi. Rehema na mimi tulikaa dawati moja miaka miwili. Walikuja wasichana tisa wa darasa letu, kila mmoja na nywele mpya, na walipotuweka meza moja mazungumzo yakaanza kuzunguka kama sahani ya karanga: wewe uko mwaka wa ngapi, wewe unasoma nini, ninyi huko mnalala wangapi chumba kimoja. Iliponifikia nikasema, "Sisomi." Wakanitazama kwa adabu, jinsi watu wanavyomtazama mtu anayesema amefiwa. Kisha mmoja akasema, "Lakini si ulichaguliwa? Si ndiyo wewe uliyekuwa unasaidiwa na mama yako mkubwa wa Nyarugusu?" Nikasema ndiyo. Akangoja. Nikachukua soda. Nina miaka kumi na tisa, na usiku ule kwenye viatu vya kuazima nilijisikia mzee kuliko wapishi.

Ile shahada ya uongozi wa biashara nilichaguliwa kweli. Majina ya waliopata mkopo wa wanafunzi yakatoka, yakatoka tena awamu ya pili, na ya tatu, langu halikuwemo. Ndipo mama mkubwa, ambaye dunia nzima inamwita Mama Masele, akapiga simu. Sauti yake kwenye simu ni ya mtu anayeongea na aliye ng'ambo ya mto. "Mwache aje huku. Akae mwaka mmoja. Mwakani aombe tena, na ada itakuwepo. Nina lundo." Mama alifunga mlango akalia kwa furaha. Mimi sikujua lundo ni nini. Nilidhani ni la mahindi.

Mama Masele ana karasha Nyarugusu, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Wachimbaji huleta mawe yao kwenye mifuko, yanasagwa kuwa unga, wanaosha, wanakamata dhahabu yao kwa zebaki, wanakwenda zao. Tope linalobaki ni mali ya mwenye karasha. Ndiyo malipo yake. Tope hilo huitwa marudio, na ndani yake bado kuna dhahabu ambayo macho hayaioni, mpaka wenye mitambo mikubwa ya kuchenjua waje kuyanunua na kuyatia dawa ya kuitoa. Mama Masele alikuwa na malundo mawili. La chini, karibu na mtaro, lilikuwa la kijivu, tope la mashimo ya kawaida, na hilo liliuzwa kila baada ya muda mfupi kupata dizeli. La juu, nyuma ya jiko, lilikuwa jekundu kama mchuzi wa nyama. Hilo lilitoka shimo moja tu, la mzee mmoja aliyekuwa na mawe mazuri, na Mama Masele hakuwahi kuliuza hata chepeo moja. Alilifunika kwa maturubai mvua ikinyesha. Siku nilipofika, kabla sijaweka begi chini, alinishika mkono akanipeleka. "Shikamoo mamkubwa," nilikuwa bado nasema. "Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Haya, tazama. Hiki ndicho chuo chako."

Nilipewa chumba kilichopakana na jiko, ukuta wa tofali za udongo ambao haukufika kwenye bati. Juu kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na kupitia nafasi hiyo nilisikia kila kitu kilichosemwa katika nyumba ile kwa mwaka mzima. Mtu mwenye haya hupewa kazi ya kusikiliza hata asipoiomba. Asubuhi nilipika chai na michembe, viazi vilivyokatwa vikakaushwa juani, tunavyochemsha na kula kwa karanga. Mchana ugali na dagaa au mlenda kwa watu wanane wa kazi. Alasiri nilisimama uwanjani kuonyesha wasukuma toroli wapi pa kumwaga, jekundu juu, kijivu chini. Usiku niliandika. Wachimbaji walimwita Masele, mtoto wa mamkubwa, Digrii. Kwa hiyo mimi niliitwa Diploma.

Masele alikuwa na shahada ileile niliyoitaka. Alimaliza miaka minne kabla, na sasa alikuwa anaandika majina ya watu na mifuko yao kwa kalamu iliyofungwa uzi shingoni, na mashine ikikwama anaingia chini yake na nyundo. "Digrii! Mkanda umekatika!" "Digrii, hebu tupigie hesabu, hili jiwe likizaa tunaoa wangapi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Utaoa deni." Hakuwa na uchungu, au uchungu ulikuwa umechoka. Jioni alifua shati lake mwenyewe, la mikono mirefu, akalianika kwa hanga, na asubuhi akalivaa kwenda kusimama kwenye vumbi.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa chumbani nashona sketi, na jikoni Mama Kulwa, jirani yetu anayeuza pombe ya mtama, alikuwa amekuja kuomba moto akakaa. Aliongea kwa ile sauti ya chini ambayo watu wa kwetu hudhani ni kunong'ona. "Mama Masele, mimi nakwambia kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Ng'ombe saba ulitoa kumsomesha huyu Masele wako. Saba! Na leo ananuka dizeli. Sasa unataka kutoa na hili lundo kwa binti wa mdogo wako. Kitabu kilekile?" Nilisikia mamkubwa anavunja kuni kwa goti. "Kilekile." "Yaya, hapana, mwenzangu. Yaya. Kisima kikikupa tope unachota mara mbili?" Nikasikia kuni nyingine ikivunjika. Kisha mamkubwa akasema, taratibu, "Wangu waliliwa na kitabu. Wa kaka yangu kule Kishapu waliliwa na jua, ule mwaka wa ukame, wote, akachuna ngozi mpaka mikono ikavimba. Nionyeshe nani kabaki na ng'ombe." Mama Kulwa akacheka kwa pua. "Hapo umenishinda. Nipe huo moto niende."

Niliandika maneno hayo yote. Nilikuwa nayasoma kila nilipoona hali ya Masele inanivunja moyo. Lakini sikujua yananielekeza wapi, na hata sasa nikiyasoma sijui. Mtu anaweza kusema kweli na ile kweli isimsaidie mtu wa pili kuamua.

Kilichotokea mwezi wa tatu kilitokea kwa sababu ya mvua na mdomo wangu. Mamkubwa alikwenda msibani Shinyanga siku nne. Masele alikwenda Geita mjini kutafuta beringi. Nikabaki mimi na karasha na watu wanane. Mvua ilinyesha usiku na mchana, njia ya kushuka kwenye lundo la chini ikawa utelezi mtupu, na msukuma toroli mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwahi kunyamaza, akasimama na toroli lake la tope la kijivu kando ya lundo jekundu. "Diploma! Namwaga hapa." Nikasema ni pale chini. Nilidhani nimesema. "Umesemaje?" Nikafungua mdomo tena. Wenzake walikuwa wanatazama, mvua inawatiririka, wanangoja kucheka. "Au hili tope lina kabila, haliruhusiwi kukaa na wenzake?" Wakacheka. Nikasema, "Hamna kitu." Akamwaga. Alipoona sikulia wala sikumfukuza, akamwaga lingine, na wengine wakamfuata, siku ile na siku ya pili. Siku ya tatu jua likatoka, yule mzee wa mawe mazuri akaleta mifuko mingi, na tope jekundu likafunika kila kitu. Mamkubwa aliporudi alilizunguka lundo lake, akaligusa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa, akasema limekua. Kwenye daftari siku ile nimeandika sentensi moja: *Wamemwaga kijivu juu na sikusema.*

Nilitaka kumwambia Masele. Nilimtafuta mwezi wa saba, mchana mashine ikiwa imezimwa, tumekaa nyuma ya jiko na sufuria ya michembe katikati yetu. Maombi ya chuo yalikuwa yamefunguliwa tena na nilikuwa nimeshajaza. Nilianza kwa kuzunguka. "Kaka, ile shahada. Ilikufaa?" Alitafuna kwanza. "Mwaka wa kwanza nilinunua viatu. Vya ngozi. Nilidhani mwaka wa tatu vitakuwa vimechakaa kwa kwenda kazini, vikachakaa kwa kwenda usaili. Unakwenda, mnajaa hadi nje ya geti, nafasi moja, na yule anayewaita majina ni mtu mliyesoma naye." Akanywa chai. "Lakini nikisema haikunifaa ni uongo. Kabla yangu mama alikuwa anauza marudio kwa kuangalia uso wa mnunuzi. Sasa tunapima. Hili karasha lilikuwa la kukodi, sasa ni letu. Kwa hiyo sijui. Wewe unaniuliza swali la kwenye mtihani, inafaa, haifai. Biashara yoyote swali ni hili: ikila hasara, nani anabeba?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ya kwangu alibeba mama. Magoti yake yale unayoyaona si ya uzee." Niliinama kwenye sufuria. Nilikuwa nimekuja na jambo la kusema, na jambo hilo likarudi tumboni pamoja na michembe.

Chuo kilinichagua tena. Ujumbe uliingia kwenye simu mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na mamkubwa alinifanya niusome kwa sauti mbele ya wachimbaji, mara mbili, kwa sababu Redio alidai hakusikia vizuri. "Diploma anakwenda kuwa Digrii!" "Tumepungukiwa mpishi!" Mzee wa mawe mazuri alinipa noti iliyokunjwa ndogo kama dawa. Ndipo nilipoelewa kwamba lundo lile lilikuwa na jina langu kwa watu wote wa pale. Kulikataa kungekuwa kumvua mamkubwa nguo hadharani. Na kwenda nalo kungekuwa nini, hilo nililijua mimi peke yangu.

Baba Neema, mwenye mitambo ya kuchenjua njia ya Geita, alikuja kununua siku ya Alhamisi. Ni mtu wa Singida, mfupi, mpole, mwenye utani wa taratibu. Wauza marudio wengi huchanganya. Wanaweka zuri nje na baya ndani, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huchimba hadi katikati kabla hajataja bei. Baba Neema alichota kidogo ubavu huu, kidogo ubavu ule, akatia kwenye vifuko vyake. Msaidizi wake akanyanyua chepeo kupanda juu. "Shuka," Baba Neema akamwambia. "Kwa Mama Masele hatuchimbi katikati. Baada ya miaka yote hii, kumchimba katikati ni kumwita mwizi." Mamkubwa akacheka, akafuta macho kwa upande wa khanga. Nilimsalimia, "Shikamoo Baba Neema." "Marahaba, Diploma. Ukimaliza huko uje unifundishe kupunguza bei, maana mama yako mkubwa hapungui."

Wiki ya pili yake, siku ya Jumanne, akarudi na majibu ya sampuli. Yalikuwa mazuri. Bei aliyoitaja ilitosha ada ya miaka yote mitatu, na chumba, na kitu kidogo cha kubaki. Walishikana mikono. Lori lingekuja kesho yake saa mbili asubuhi. Mamkubwa akanituma soda, yeye ambaye huwa anasema soda ni maji yenye majivuno, na Baba Neema alipoondoka tukanywa sote watatu, mimi, Masele na mamkubwa, pale jikoni jua likizama, yeye amenyoosha miguu yake mbele, goti la kulia limevimba kama kibuyu. "Mwakani napumzika," alisema. "Masele atasimamia. Mimi nitafuga kuku."

Nikasema. Sikupanga, yalitoka tu, maneno machache nimeinamia chupa: kwamba mwezi wa tatu, siku za mvua, akiwa msibani, walimwaga kijivu juu ya lundo, na kwamba kiko katikati.

Mamkubwa akauliza, "Toroli ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Siku mbili. Unakwenda kusomea biashara, ng'wanawane, na toroli za siku mbili hukuhesabu." Hakusema kwa hasira. Masele alicheka kidogo, kisha akaona aibu. Mamkubwa aliinua chupa akaitazama kama kuna kitu kimebaki. "Basi hata wewe hujui ni kiasi gani. Pengine ni kidogo. Asiyejua hasemi uongo. Mvua ilinyesha, Mungu aliona, yatosha."

"Baba Neema naye?" nikauliza.

"Baba Neema ana mitambo sita. Mimi nina magoti mawili."

"Mama," Masele akasema.

"Nyamaza. Nimemsomesha mmoja akanifundisha kupima. Sasa namsomesha wa pili ananifundisha kupoteza." Akainuka kwa kushika ukuta. Mlangoni aligeuka, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekasirika, ulikuwa wa mtu aliyetembea umbali mrefu kisha akaambiwa mji uko mbele zaidi. "Ulikaa nalo miezi sita. Lingeweza kukaa siku moja zaidi." Kisha akaenda kulala bila kula.

Nimefikiria neno hilo kuliko maneno yote ya mwaka ule. Alikuwa sahihi. Ningesema mwezi wa tatu, Redio na wenzake wangetoa kijivu chote kwa nusu siku na kupigwa kelele kidogo. Niliacha haya yangu ikue, ikafunikwa, ikapata bei. Watu hudhani mwenye haya ni mtu mwema kwa sababu hasumbui. Kule kwenye sendofu, Rehema aliwaambia wenzetu, "Mwacheni, huyu tangu shule ni mpole." Nilitamani kumwambia upole huo uliwagharimu nini mamkubwa na Baba Neema.

Kilichofuata baadaye hakina mengi. Baba Neema alinunua kwa bei ya tope lililochanganyika, na tangu hapo anachimba katikati, hata kwa Mama Masele. Anaomba radhi kwanza, kisha anachimba. Mamkubwa hakunisemesha Kiswahili wiki mbili, aliniagiza kwa Kisukuma tu, kama mgeni anavyomwagiza mtumishi, mpaka siku moja chumvi ilizidi kwenye mlenda akajisahau. Alitaka pesa ile iingie kwenye ada hata hivyo, na mimi nikakataa, nikairuhusu siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ipite. Pesa ile ikampeleka yeye hospitali, wakaliangalia goti. Dirisha la maombi limefunguliwa tena mwezi huu na bado sijajaza. Si kwa sababu nimeamua shahada haifai. Siku nikijaza nataka niwe ninajua mwenyewe nani atabeba, na kwa sasa nasimama uwanjani kwa mshahara, nauweka, na inakwenda polepole sana. Asubuhi ya baada ya sendofu, Rehema aliponisindikiza kituoni alisema, "Wewe na akili zako zote." Nilikuwa nimechoka, nikamwambia asante.

Lakini asubuhi ile ya Jumatano niliamka kabla ya jogoo wa Mama Kulwa. Sikuwasha moto wa chai. Nilivaa mabuti ya Masele yaliyonizidi, nikachukua chepeo nyuma ya mlango, nikavuta turubai, nikapanda juu ya lundo. Tope lilikuwa limekauka juu, gumu kama ukoko wa ugali, ndani likawa laini. Nilichimba. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, hata nikaanza kutumaini kwamba niliota. Kisha chepeo likatoka na kijivu. Mlango wa jiko ulilia, nikamsikia mamkubwa nyuma yangu anaita jina langu, "Nyamizi," mara moja tu, si kwa sauti ya ng'ambo ya mto. Sikugeuka, maana ningegeuka ningeshuka. Nilichimba mpaka shimo likanifika kiunoni, nikautoa ule udongo wa kijivu nikauweka upande wa barabara, juu ya ule mwekundu, mahali ambapo hata mtu mwenye haraka angeuona. Lori lilipoingia uwanjani nilikuwa nimesimama pembeni ya ule udongo wa kijivu, nimeshika chepeo kwa mikono miwili, na Baba Neema akafungua mlango wa mbele akashuka. Nikamwambia shikamoo.